Aliye Riyadh na Aliye Leicester: Nani Aanze Kujenga Mombasa?

Ukitoka Bamburi ukishika njia ya Mtwapa, kisha ukaingia ndani kidogo upande wa Utange au Shanzu, utaziona nyumba zilizokwama kwenye linta. Vyuma vya nguzo vimechomoza juu vinasubiri ghorofa isiyokuja, na mbuzi wa jirani wamejilalia sebuleni. Nyingi ya hizo ni pesa za watu walio nje. Hewa ya bahari nayo haina subira: vyuma vikikaa wazi kwa miaka kadhaa huanza kubanduka magamba mekundu, na fundi atakayekuja kuendeleza kazi atataka kuvikata aanze upya.

Suala la wapi mtu wa ng'ambo aweke akiba yake ya uzeeni lina kambi mbili hapa mjini. Wazee wengi, na wazazi karibu wote, wanasema jenga. Vijana waliosomea mambo ya fedha wanasema nyumba ni mtego, nunua bondi za serikali, yaani uikopeshe serikali ikulipe riba, na changia pensheni. Kinachonikera ni kwamba kambi zote mbili humzungumzia mtu wa ng'ambo kana kwamba ni mmoja. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, nyingi zikitoka Marekani, na Saudi Arabia nayo iko juu kwenye orodha. Dada anayefanya kazi za ndani Riyadh na nesi wa Leicester wamo kwenye hesabu hiyo hiyo, lakini uzee unaowangoja haufanani.

Hoja ya nyumba huwa inadharauliwa haraka mno, kwa hivyo nianze nayo. Nguvu yake kubwa haiko kwenye faida. Iko kwenye jamaa. Ukiwa na laki tano benki na watu wakajua, na watajua tu, kutakuwa na karo ya mtoto wa shangazi, harusi ya binamu, mgonjwa amelazwa hospitali ya Makadara na dawa zinatakiwa leo. Huwezi kukataa, na pengine hupaswi kukataa. Lakini pesa ikishageuka mawe na saruji, hakuna anayekuja kukopa ukuta. Nimewaona watu waliofanya kazi Ghuba zaidi ya miaka kumi wakarudi na kitu kimoja tu mkononi, vyumba viwili vya Kisauni, na bila vyumba hivyo wangerudi watupu. Mchambuzi asiyeliweka hilo kwenye mizani anapima nusu ya mzigo.

Kuna na suala la dini. Kwa Waislamu wengi wa Pwani, bondi ya serikali ni riba, na mazungumzo huishia hapo. Kodi ya nyumba haina utata huo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wa nyumba huwa wanaruka. Tuseme umetumia shilingi milioni 6, kiwanja na ujenzi, ukapata nyumba tatu za kupangisha Kiembeni, kila moja 15,000 kwa mwezi. Mdomoni hiyo ni 540,000 kwa mwaka, asilimia 9, na ndivyo dalali atakavyokwambia. Lakini kila nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka, unabaki na 495,000. Anayekukusanyia kodi na kugombana na wapangaji kwa niaba yako akichukua asilimia 10, ni 49,500. Ushuru wa mapato ya kodi za makaazi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, ni 37,125. Weka 60,000 za rangi, bomba na pampu. Pampu hasa, kwa sababu maji ya kisima cha huku yana chumvi na hula kila kitu. Umebaki na kama 348,000, yaani chini kidogo ya asilimia 6.

Na hiyo 7.5 ni ya mkaazi. Sheria ya ushuru wa mapato inamhesabu mkaazi yule mwenye makao ya kudumu Kenya na ambaye alikuwapo nchini wakati wowote katika mwaka huo, au aliyekaa siku 183 au zaidi mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka, ukihesabu mwaka huo na miwili iliyotangulia. Asiyekuwa mkaazi hukatwa ushuru wa asilimia 30 ya kodi yote ya wapangaji, bila kuondolewa gharama. Ukirudia hesabu yetu kwa mtu huyo, anabaki na 237,000, haifiki asilimia 4. Sijasikia dalali hata mmoja akilitaja hili.

Atakayejibu kwamba kiwanja kinapanda bei anasema kweli, ila siku ya kuuza, ushuru wa faida ya mali umekuwa asilimia 15 tangu 2023, kutoka 5. Tena kupanda bei kuna maana kama kiwanja ni chako. Mombasa ina ule utaratibu wake wa tangu zamani wa nyumba bila ardhi: wewe unamiliki kuta na paa, ardhi ni ya mtu mwingine, unamlipa yeye kodi ya kiwanja. Mtaa wa Majengo na sehemu za Kisauni zimejaa nyumba za namna hiyo. Aliye mbali anatumiwa picha ya jengo zuri na karatasi ya mauziano yenye mihuri, analipa, halafu miaka mingi baadaye mrithi wa mwenye ardhi anajitokeza na hatimiliki. Kabla ya senti kutoka, mtu afanye upekuzi kwenye sajili ya ardhi, na asimwachie muuzaji kazi hiyo.

Ujenzi wa simu nao una mila zake. Ujumbe wa sauti unaingia usiku: "Bro, slabu ishamwagwa, imebaki mchanga lori mbili tu na watu wa kazi." Ikifuatwa na video ya sekunde kumi ambayo kamera haitulii. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kaka yako anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado asiwe na daftari. Fundi amemwambia mifuko sitini, ametuma pesa ya mifuko sitini, nani alihesabu?

Upande wa karatasi sasa. Benki Kuu ilizindua mfumo wa DhowCSD mwaka 2023, na tangu hapo aliye Doha au Dallas anaweza kununua bondi kwa simu, mradi ana akaunti ya benki ya Kenya na nyaraka zake ziko sawa. Bondi za kawaida huanzia shilingi 50,000. Hakuna fundi, hakuna mpangaji, riba inaingia kila miezi sita. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa asilimia 18.46, tena bila kukatwa ushuru. Zile milioni 6 zetu zingeleta zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka. Ukiiweka kando ya 348,000, unaelewa kwa nini vijana wa fedha wanapandisha sauti.

Ila wasituhadae. Ile ilikuwa bei ya serikali iliyobanwa: shilingi ilikuwa imefika karibu 160 kwa dola na deni la nje lilikuwa linaiva. Baadaye mwaka huo shilingi ikarudi kwenye 130 na viwango vya riba vikaanza kushuka. Aliyeingia wakati ule alikula pande zote mbili, riba na kupanda kwa shilingi. Lakini aliyegeuza dola zake kuwa shilingi mwaka 2010, dola ikiwa kama 80, akazikalisha hadi mwisho wa 2023, aliona nusu ya thamani yake ya dola ikiyeyuka. Bondi pia hukurudishia mtaji ule ule uliotoa. Milioni 6 zikirudi baada ya miaka kadhaa hazitanunua mawe na saruji ya milioni 6 za leo. Na ukilazimika kuuza katikati, viwango vikiwa vimepanda, utauza kwa hasara.

Anayeepuka riba hajafungiwa milango yote. Gulf African Bank, benki inayofuata sharia ya Kiislamu, imekuwapo tangu 2008, na 2023 ilitoka sukuk ya kwanza nchini, yaani hati ya uwekezaji isiyo na riba, iliyotolewa na Linzi FinCo, shilingi bilioni 3. Uwanja bado ni mdogo, kusema kweli.

Kinachosahaulika kabisa kwenye ubishi huu ni karatasi ambayo mtu tayari anayo bila kujua thamani yake. Nesi wetu wa Leicester anakatwa bima ya taifa kila mwezi. Miaka 10 ya michango inampa haki ya pensheni ya serikali ya Uingereza. 35 inampa kamili, ambayo mwaka wa 2025 hadi 2026 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Akirudi na miaka 12 tu, fungu lake kwa kiwango hicho ni kama pauni 79 kwa wiki. Kwa pauni ya shilingi 170, hizo ni takriban 58,000 kwa mwezi mpaka afe, zaidi ya kodi za zile nyumba tatu hata zikijaa mwaka mzima. Kasoro ipo: kwa anayeishi Kenya, kiwango hugandishwa pale alipoanza kulipwa, hakiongezwi kila mwaka kama cha aliye London. Ugali wa leo haugandi.

Ujerumani, ambako Mtwapa ina wakwe wengi, kuna mtego wa aina nyingine. Raia wa Kenya aliyechangia chini ya miezi 60, akishaondoka Ulaya, anaweza baada ya miezi 24 kuomba arudishiwe michango. Anarudishiwa sehemu yake tu. Ya mwajiri inabaki huko. Akifikisha miezi 60 anakuwa na haki ya pensheni umri ukifika. Mwenye miezi 55 anayekimbilia kuondoka ili apate pesa za kumalizia paa ameacha mbachao kwa msala upitao.

Marekani hudai kama miaka 10 ya kazi, na haina mkataba na Kenya wa kujumlisha miaka ya huko na ile ya NSSF. Mwenye minane afikirie mara mbili kabla ya kufunga mizigo.

Ghuba hakuna cha kuganda wala kurudishwa. Mfanyakazi wa kampuni Dubai ana kiinua mgongo chake, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza na siku 30 baada ya hapo. Mfanyakazi wa ndani Saudia, kwa kanuni zao, hupata mshahara wa mwezi mmoja akimaliza miaka minne. Kwa mshahara wa riyali 1,000, hiyo ni kama shilingi 34,000. Kwa miaka minne.

Kwa hivyo naona mambo yamepinduka. Anayejenga kwa pupa ni yule wa Ghuba, ambaye hana pensheni yoyote na ndiye anayehitaji mapato ya mwezi kuliko wote. Anayeambiwa na washauri asijenge ni yule wa Uingereza au Ujerumani, ambaye uzee wake tayari una sakafu, na ambaye nyumba ikisumbua haitamlaza njaa. Huyu wa pili ningemwambia ajenge akitaka, hata ya kifahari Nyali.

Dada wa Riyadh ndiye mgumu. Bondi zitampa pesa, lakini nimeshasema habari za jamaa, na pengine yeye hali riba. Ningemshauri chumba kimoja cha kulala na jiko kwenye kiwanja chenye hatimiliki safi, kimalizwe chote, kabla ya kuota ghorofa. Akiba nyingine iende mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu. Mfuko binafsi wa kustaafu uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya kustaafu, wenye uwekezaji halali kama anautaka, unafaa kwa sababu ile ile ambayo watu huulalamikia: pesa hazitoki ovyo. Na hatimiliki isomeke jina lake, si la mjomba aliyesimamia ujenzi, hata mama akinuna.