Anzeni na ushuru wa soko

Kuna mwandishi aliyependekeza kaunti za Kenya ziwe na mfuko wa mikopo kwa wafanyabiashara iwapo janga jingine kama korona litazuka. Sawa, lakini kuna jambo la haraka zaidi. Mwaka 2020 serikali kuu ilipunguza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14. Mama mboga wa soko la Kibuye, Kisumu, alipata nini hapo? Sukuma wiki haitozwi VAT! Kinachomuuma yeye ni ushuru wa soko wa kila siku, kodi ya kibanda na leseni ya mwaka, na hivyo vyote viko mikononi mwa kaunti, si mwa serikali kuu kule Nairobi.

Mnakumbuka Juni 2021, kaunti 13 za huku kwetu, Kisumu ikiwemo, zilipowekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni? Muuza samaki wa kukaanga huuza watu wakitoka kazini. Umfungie saa hiyo hiyo, halafu kesho asubuhi udai risiti ya ushuru, jamani? Na huo mkopo ataulipa na nini?

Waheshimiwa MCA, wawakilishi wetu katika bunge la kaunti, waweke kipengele kwenye sheria ya fedha ya kaunti: kafyu ikitangazwa, ushuru wa soko unasimama siku hiyo hiyo, bila mtu kujaza fomu yoyote.