Mkaguzi asingojee mwisho wa laini

Kwetu Lamu neno kiwanda lina maana ya zamani: ni ule ua wa ndani ya nyumba ya mawe, ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na upepo. Hapo ndipo mama yangu alipokuwa akishona kofia. Kila akimaliza safu ya vitundu vya nakshi, aliinua kofia kuelekea mwangani na kuigeuza polepole. Kitundu kilichopotoka alikifumua papo hapo. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, hata miezi, na kosa likifunikwa na safu za mbele, kulifikia ni kubomoa kazi yote iliyolifuata.

Nilimkumbuka sana nilipokuwa mtu wa kwaliti, yaani mkaguzi wa ubora, kwenye kiwanda kimoja cha nguo Mombasa. Meza yangu ilikuwa mwisho wa laini, ile safu ya mashine za kushona. Nguo ilipita mikononi mwa mafundi zaidi ya 20, huyu mabega, yule kola, mwingine pindo, ndipo inifikie.

Asubuhi moja nilivuta bega la fulana kwa vidole viwili nikaona nukta ya mwanga kando ya mshono. Nikavuta ya pili, ya tatu. Zote zina vitundu. Kitambaa cha fulana kimeshikana kwa vitanzi. Sindano ya ncha kali hukata uzi badala ya kuusukuma kando, na kitanzi kikishakatika, tundu hupanuka nguo ikifuliwa. Ndiyo maana kitambaa hicho hutaka sindano ya ncha ya mviringo. Usiku wa kuamkia siku ile sindano ilikuwa imevunjika. Vipande vyake vilitafutwa vyote vikabandikwa daftarini, kama ilivyo kanuni, na fundi akapewa mpya. Ile mpya ilikuwa ya ncha kali. Hakuna aliyetazama nguo ya kwanza baada ya kubadilisha, na kulipokucha mamia ya fulana yalikuwa yameharibika.

Mshono hufumuliwa, tundu halina dawa. Aliyefokewa ni fundi. Liliniuma, na hadi leo linaniuma, maana sindano hakuichagua yeye, na tageti haikumwachia nafasi hata ya kuinua macho.

Wengi hudhani ubora hulindwa na mkaguzi wa mnunuzi anayekuja mzigo ukiwa tayari. Yeye hagusi kila nguo. Kwa kipimo cha AQL 2.5, yaani kiwango cha kasoro kinachokubalika, kinachotumika sana, katika mzigo wa nguo 3,000 huchomoa 125. Zenye kasoro kubwa zisipozidi 7 mzigo unapita, zikifika 8 unakataliwa. Hesabu hiyo inamsaidia mnunuzi kuamua apokee au akatae. Aliyeko kwenye mashine haimfikii kwa wakati.

Mimi nasema mkaguzi atoke kwenye meza ya mwisho, azunguke katikati ya mashine. Sindano ikibadilishwa, uzi ukibadilishwa, fundi mgeni akikaa, avute na kutazama nguo 5 za kwanza. Na awe na ruhusa ya kusimamisha mashine bila kumwomba mtu. Fundi naye awe nayo, bila kukatwa senti. Supavaiza atasema laini inachelewa. Ni kweli, itachelewa dakika kadhaa. Lakini mimi nimekesha na wenzangu tukifumua kola moja moja kwa kosa ambalo lingeonekana kwenye kola ya kwanza, na saa zile hatukulipwa.

Sasa nina cherehani 4 hapa Langoni, mtaa wa Lamu, nashona sare za shule. Wiki iliyopita binti ninayemfundisha aliondoa mguu kwenye pedali akaniita: "Dada, hebu njoo, uzi unaruka." Nilikuwa na haraka, wazazi wanangoja mlangoni. Tukageuza sketi ndani nje. Mshono wa kiuno ulikuwa umeruka mara 3, sindano imepinda kidogo, hata kuiona ni kuiviringisha kwenye kioo. Tangu asubuhi alikuwa ameshona sketi 2. Tulizifumua zote kabla ya chai.