Mbwa mzima si mbwa aliyeharibika

Mtu akitaka kufuga mbwa, ushauri wa kwanza huwa ni ule ule: chukua kilebu, umlee mwenyewe, akuzoee. Mbwa mzima, wanasema, amekuja na tabia za watu. Hoja hii ina uzito, hasa kwenye nyumba yenye paka, maana kilebu akikua naye humwona mwenzake.

Lakini tuhesabu wiki. Mbwa huanza kuzoea watu, sauti na wanyama wengine akiwa na wiki 3 hivi, na mlango huo wa kuzoea hufungwa karibu na wiki ya 14. Kilebu hapaswi kuachanishwa na mama yake kabla ya wiki 8. Kwa hiyo siku unayompokea, wiki 5 kati ya hizo 11 zimeshapita mikononi mwa mwingine. Kama alizimaliza kwenye banda la giza, hajashikwa na mtu, woga ule umeununua wewe. Hizo 6 zilizobaki nazo zinagongana na chanjo, kwani dozi za mwisho hufikia wiki ya 16 au zaidi. Yule yule anayetakiwa kuiona dunia ndiye unayetakiwa kumkinga na pavo, ugonjwa wa virusi unaoua vilebu. Inawezekana, ila inataka mtu anayeshinda nyumbani na kuamka usiku kumtoa akojoe. Anayetoka alfajiri na kurudi jioni hana muda huo, hata akimpenda vipi.

Mbwa mzima unamwona alivyo. Ukubwa wake ndio huo, meno yake 42 yameshaota, na aliyekaa naye atakuambia kama hulia akiachwa peke yake.

Wa kwangu alikuja na miaka 4 hivi. Siku mbili alijibanza nyuma ya mlango, chakula hakigusi mpaka nitoke. Wiki ya tatu nimekaa nafua, nikahisi kidevu kimetua juu ya mguu wangu. Sikuwa nimemwita.

Si wote watakaokuja hivyo. Aliyepigwa sana anaweza kuchukua miezi, na woga mwingine hauishi kabisa. Penye watoto wadogo, mtazame kwanza akiwa nao, tena zaidi ya mara moja.

Anayetaka kilebu bado, namsihi aulize zile wiki 5: nani alikuwa akimshika, na mama yake yuko wapi aonekane. Muuzaji akikwepa maswali hayo, aondoke mikono mitupu.