Mwanafunzi anapomwelekeza mhadhiri wake

Machi 2020, vyuo vya Tanzania vilipofungwa kwa sababu ya korona, Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ilikuwa imeshatimiza miaka 17 tangu itolewe, na vyuo vyetu vikubwa vilikuwa nayo tayari. Bado wanafunzi wengi wa vyuo vya umma walikaa nyumbani hadi Juni 1 bila vipindi. Kwa hiyo mfumo haukuwa tatizo pekee. Wahadhiri wengi hawakuwa na mtu wa kukaa naye na kumuuliza bila aibu, "Hapa nabonyeza wapi?"

Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi, akipewa kazi rasmi ya kumshauri mhadhiri kuhusu teknolojia ya kufundishia. Wanaopinga wana hoja: mwanafunzi akishamwona mwalimu anahangaika na kompyuta atamzoea, masomo yake mwenyewe yatayumba, na chuo kitapata kisingizio cha kutoajiri mafundi wa TEHAMA. Hiyo ya mwisho ni nzito. Lakini wengi wao wanamfikiria kijana wa kuunganisha projekta, na hapo ndipo wanapomwelewa vibaya.

Thamani yake hasa ni kwamba anajua wenzake wanasomaje. Chukua darasa la watu 400. Mhadhiri anapandisha video ya somo yenye MB 300, anaridhika kwamba kazi imekwisha. Kila mmoja akiipakua, darasa zima limetumia GB 120, na kwa asiyefikia Wi-Fi ya chuo, bando linatoka kwenye bumu (pesa ya kujikimu ya mwanafunzi), hela ileile ya chakula na kodi ya chumba. Fundi wa chuo hataliona hilo, kwa sababu kwenye mtambo wake video inafunguka vizuri. Mwanafunzi mshauri ataliona siku ya kwanza. Atasema: mwalimu, rekodi sauti tu, slaidi ziwe PDF. Sauti ya dakika arobaini inaweza kubaki MB 20, na darasa lote likatumia GB 8. Ukizidisha kwa vipindi vya muhula mzima, unaona ni milo mingapi imeokolewa na sentensi moja ya kijana wa mwaka wa pili.

Tena kazi hii ipo tayari, ila haina jina. CR, yaani mwakilishi wa darasa, ndiye anayesambaza nondo (notisi za masomo) kwenye grupu la WhatsApp, ndiye anayepigiwa simu usiku na wenzake walioshindwa kupandisha kazi. Anafanya yote bure.

Kuhusu heshima, sioni mhadhiri anapungukiwa nini akiuliza mbele ya darasa. Anayeuliza anawafundisha wanafunzi wake kuuliza.

Ninapokubaliana na wapinzani bila kusita ni kwenye matokeo. Mhadhiri aliyezidiwa humpa kijana nywila yake, na hapo alama za wenzake wote zimo mikononi mwake. Hilo halina utetezi, wala halina ulazima: Moodle inaruhusu msimamizi wa mfumo kutengeneza wadhifa wa kupandisha mafaili bila kuona alama. Ni mpangilio wa dakika chache, na ufanyike kabla mshauri hajaanza kazi.

Na alipwe. Akitoa saa nne kwa wiki, saa hizo nne ziandikwe na zilipwe kutoka bajeti ya idara, kisha kazi isimame wiki mbili kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ili naye asome.