Lupasi Hushika na Kichwa

Nilipokuwa mtunza hesabu Tanga, lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, ilikwisha kunianza, na pamoja na maumivu ya viungo nilianza kupotewa na maneno: mteja amesimama mbele yangu, jina la kitu ninalijua, lakini halitoki. Daktari alinipima viungo, ngozi na figo kwa makini. Habari za kichwa hakuniuliza. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, una mawazo mengi," na mama akawa ananifuata jikoni kuzima moto niliousahau.

Hapa Leicester, Uingereza, ninapoishi sasa, muuguzi ndiye aliyeniuliza kwa mara ya kwanza kama ninasahau. Nikafahamu kwamba tangu 1999 madaktari wa Marekani waliorodhesha kudhoofika kwa kumbukumbu na umakini miongoni mwa hali 19 za ubongo, neva na akili zinazoambatana na lupasi, kwamba chanzo chaweza kuwa uvimbe unaoletwa na ugonjwa wenyewe, kingamwili zinazogandisha damu, dawa za steroidi au kukosa usingizi, na kwamba picha ya ubongo yaweza kutoka safi ilhali mgonjwa anahangaika kwelikweli. Niliposikia hayo nililia, kwa kuwa nilikuwa nimejihukumu mvivu kwa miaka. Kazini pia nilipata nafuu, kwani sheria ya usawa ya mwaka 2010 humtaka mwajiri amrekebishie kazi mwenye ulemavu, na sasa maagizo napewa kwa maandishi.

Hata hivyo, huku moto nikiusahau hakuna wa kuuzima. Tanga kumbukumbu yangu ilishikwa na nyumba nzima; hapa inashikwa na kengele ya simu, na sioni kwamba hayo ni maendeleo.

Ninachokitamani kwetu ni lile swali la muuguzi, pamoja na kipimo cha kumbukumbu na umakini cha dakika kumi hivi kinachohitaji karatasi na kalamu tu. Lakini kisitafsiriwe kiholela. Mimi niliambiwa kwa Kiingereza nichore saa inayoonyesha dakika kumi baada ya "eleven", yaani saa tano na dakika kumi kwa hesabu yetu. Mtafsiri akiandika saa kumi na moja na dakika kumi, bibi wa Pangani ataelekeza mshale mfupi kwenye tano, atakuwa amepatia kabisa, na bado, kwa kuwa msahihishaji anautarajia mshale kwenye kumi na moja, ataandikiwa kwamba akili yake ina kasoro.