Jahazi la plastiki si pambo

Flipflopi, lile jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki, ikitajwa barazani hapa Lamu, hakosekani wa kusema kwamba lile ni pambo la watalii, chombo kilichovishwa ndara ili kipigwe picha. Tani 10 za taka za plastiki, ndara zipatazo 30,000 ubavuni. Likashushwa majini Septemba 2018, na mwaka uliofuata likatweka tanga hadi Zanzibar, karibu kilomita 500.

Wasemao hivyo si wajinga. Bahari za dunia humeza mamilioni ya tani za plastiki kila mwaka. Tani 10 ni nini? Na mwaka huohuo wa 2018, marufuku ya ukataji miti iliwakosesha kazi wakata boriti wa mikoko, wala hakuna aliyewaundia wao jahazi la rangi rangi. Hili la pili linaniuma.

Lakini hizo tani 10 zinadharauliwa na ambaye hajawahi kuzibeba. Chupa tupu ya maji ya nusu lita haifiki gramu 20. Kilo moja ni zaidi ya chupa 50. Tani 10, kwa uzito huo, ni zaidi ya nusu milioni. Jahazi halikuundwa kwa chupa za maji peke yake, lakini fikiria migongo iliyoinama ufuoni, uchambuaji, uoshaji, na yote hayo kabla fundi hajashika tezo.

Na fundi ndiye anayesahauliwa. Ali Skanda, aliyeongoza uundaji, ni fundi wa majahazi wa Lamu hapahapa. Mbao ina nyuzi, na fundi huzifuata, plastiki haina. Mbao hunywa maji, ikavimba, ikaibana pamba ya kalafati, ile izibayo mianya ya mbao, hadi mshono ukafunga. Plastiki hainywi. Ikipigwa na jua hutanuka, ikipoa hunywea, na msumari uliotulia asubuhi huenda usitulie adhuhuri. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, zile mbavu zake, ya kitu cha namna hiyo hukujifunza kwa babu. Hujaribu, ukakosea, ukapima, ukarudia. Mtu akifanya hivyo amevaa koti jeupe tunamwita mtafiti. Akifanya amevaa kikoi tunasema ni sanaa tu.

Hoja moja ya wapinzani ndiyo nzito kuliko zote, na ajabu hawaisemi sana. Ni vumbi la kuchonga. Chane za mvule, vile vipande vyembamba vya mbao vitokavyo kwenye tezo, zikianguka mchangani huoza au huishia jikoni. Vumbi la plastiki haliozi. Upepo ukilipeperusha hadi majini, utakuwa umesafisha ufuo kwa mkono mmoja na kuuchafua kwa mwingine. Hata ubavu wenyewe, ukikaa juani miaka, huchakaa na kumeguka chembe ndogo zisizoonekana. Hapa sina utetezi wa kishairi. Ila chane za plastiki, zikikusanywa, huyeyushwa zikawa ubao tena. Chane za mvule hazirudi kuwa mti. Kwa hiyo suala ni turubai chini ya jahazi na fagio jioni, kisha mtaalamu wa kuchota mchanga na maji ya pale panapochongwa, kabla ya kazi na baada yake, akaja kutusomea hesabu ya chembe hizo barazani, kwa Kiswahili, mbele ya mafundi na wakata boriti.