Dada, Hii Pizza Imepinduka

Jamani, mwenzenu naendesha lori huku Marekani, na kinachonitesa si barafu wala barabara. Ni chakula cha usiku. Unapaki, njaa inauma, unaona taa ya duka la pizza, unasema afadhali, hiki nakijua. Hukijui!

Chicago niliagiza ile ya kina kirefu, iliyoanzia Pizzeria Uno mwaka 1943. Dakika 10, kimya. Dakika 20, maji nimeyamaliza. Dakika 45 ndipo inaletwa, limekuja karai la fundi ujenzi! Natazama, mchuzi wa nyanya uko juu, jibini imezama chini. Nikamwita mhudumu: "Dada, hii imepinduka." Alicheka mpaka akashika kaunta. Vipande viwili tu, mkanda wa gari ukagoma kunifunga. Halafu mzee wa meza ya pili ananinong'oneza kwamba hiyo ni ya wageni, wao wenyewe hula nyembamba, inayokatwa vijipande vya mraba. Sasa mzee wangu, si ungesema kabla sijala?

New York nikajifanya mstaarabu, nikaomba uma. Walinitazama kama nimeingia msikitini na viatu. Kumbe 2014 hata meya wao, Bill de Blasio, alikula pizza kwa uma, akasemwa weee! Kule kipande unakikunja katikati, unakula umesimama, mafuta yanachuruzika hadi kwenye kiwiko.

New Haven nikaagiza ya kawaida. Imekuja nyekundu tupu, pembeni nyeusi tii. "Jibini iko wapi?" "Hukuitaja." Mozzarella kule ni nyongeza, uiite kwa jina. Na kuungua nako ndiyo sifa ya tanuri la makaa ya mawe! Mimi nikiunguza chapati nyumbani nanuniwa siku 2.

St. Louis msiniulize. Jibini yao, Provel, ilininata kwenye meno, bosi akapiga simu akadhani nimelewa.

Detroit peke yake nimewasamehe. Wao huoka kwenye trei za chuma za mstatili, zile zilizokuwa za kuwekea vipuri kwenye viwanda vya magari, na jibini inashika ukingoni mpaka inakuwa ukoko. Ukoko, jamani! Nilikwangua ile kona kama mtoto aliyeachiwa sufuria ya wali.

Sasa leo niko Steubenville, Ohio. Kijana katoa pizza kwenye oveni, akamwaga jibini ya baridi juu yake, akafunga boksi. Nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, umesahau kuirudisha motoni." Akanikodolea macho kama nimemtukania bibi yake. Eti ndivyo inavyoliwa.

Nimerudi kwenye lori. Boksi nimeliweka juu ya dashibodi, hita nimeifungulia mpaka mwisho. Tunatazamana hapa, mimi na jibini, tuone nani ataanza kuyeyuka.